Angalia namba ya chaneli kabla ya kubadilisha draiva ya probu

Jioni moja nilikuwa napakia programu kwenye maikrokontrola kwa kutumia probu, kifaa cha USB kinachoiunganisha na kompyuta, yenye chipu ya FT2232H. OpenOCD, programu inayowasiliana na probu, ikagoma kuifungua, ikaniandikia LIBUSB_ERROR_NOT_SUPPORTED. Nikafungua Zadig, programu ya kubadilisha draiva za USB kwenye Windows, nikachagua jina la kwanza nililoliona, nikabonyeza kitufe cha kubadilisha draiva. OpenOCD ikaendelea kugoma, na sasa hata porti ya COM niliyokuwa nikisomea ujumbe wa bodi ikatoweka. Nikabadilisha kebo, nikakagua waya mmoja mmoja, usiku ukaingia. Waya hazikuwa na kosa lolote.

FT2232H ina chaneli mbili, na Windows inaziona kama vifaa viwili, kila kimoja na draiva yake. Kwenye probu nyingi za chipu hii, Interface 0 ndiyo JTAG (njia ya kupakia programu kwenye chipu) na Interface 1 ndiyo porti ya COM. OpenOCD inapitia maktaba ya libusb, kwa hiyo Interface 0 inahitaji draiva ya WinUSB, huku Interface 1 ikibaki na draiva yake ya asili. Mimi nilikuwa nimegusa ya pili.

Kwa hiyo, ukifungua Zadig, washa “List All Devices” kwenye menyu ya Options, kisha usiamini jina peke yake. Tazama visanduku vya USB ID: 0403, 6010, halafu kisanduku cha tatu chenye namba ya chaneli. Kikiandika 00, yaani Interface 0, uko mahali pake. Upande wa kushoto wa mshale kuna draiva inayotumika sasa. Iandike mahali kabla hujabonyeza chochote. Na uwe makini kweli, maana orodha hiyo inaweza kuonyesha pia kibodi na mausi yako, na ukiipa kibodi WinUSB itaacha kuandika.

Jiulize pia kama kuna haja ya kubadilisha. Probu ya CMSIS-DAP toleo la 1 hutumia HID, aina ileile ya kibodi na mausi, haihitaji draiva ya ziada. Ukiibadilishia J-Link, probu ya kampuni ya SEGGER, draiva kwa Zadig, programu za kampuni hiyo zinaweza kuacha kuiona, kwa hiyo amua kwanza utaitumia na nini. Kwenye Linux tatizo huwa ni ruhusa tu: weka faili la 60-openocd.rules kwenye kanuni za udev (mfumo wa Linux unaosimamia vifaa), chomoa probu, uichomeke tena.

Ukishakosea kama mimi, fungua Device Manager, bofya kifaa kile kwa kitufe cha kulia, chagua kukiondoa, na utie tiki kwenye kisanduku cha kufuta draiva. Mara ya kwanza niliiruka tiki hiyo. Nilipochomeka probu, Windows ikairudisha WinUSB ileile. Nilipoitia, porti ya COM ikarudi, nikageukia Interface 0, na OpenOCD ikaisoma chipu.