Eli ya Uskoti na suala la moshi
Unauliza kama eli (aina ya bia) ya jadi ya Uskoti inanuka moshi kama wiski yao? Hapana ndugu, hainuki. Moshi ule, hasa wa wiski za kisiwa cha Islay, unatokana na kimea (shayiri iliyooteshwa) kilichokaushwa kwa moto wa mboji ya kinamasi. Kwenye bia anayetawala ni kimea cha kawaida: utasikia karameli, ganda la mkate, pengine na zabibu kavu. Uchungu wa hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia) upo kwa mbali sana. Watengenezaji wengine hutia shayiri kidogo iliyokaangwa, ndiyo inayoleta wekundu na ukavu mwishoni.

Namba 60, 70 na 80 unazoziona kwenye lebo ni shilingi za Uingereza (ndiyo, shilingi!), bei ya zamani ya pipa. Namba ikipanda, ukali wa kileo nao unapanda.

Ukitaka nzito kabisa tafuta Traquair House Ale, asilimia 7.2, inayochachushwa kwenye mapipa ya mwaloni katika kiwanda kidogo kilichofufuliwa mwaka 1965. Ila usiigandishe kwenye friji kama lager zetu, baridi kali inaua ladha yote.