Maswali ya Wazamiaji: Viputo Vyenye Kelele

Ndugu wahariri, napiga picha za samaki nikizamia kwa mtungi na regulata ya kawaida, yaani kifaa cha mdomoni kinachonipa hewa ya mtungi. Kila nikitoa pumzi wanatawanyika. Nafikiria kufunga sponji kwenye tundu la kutolea hewa, au kuunga mpira upeleke viputo nyuma ya kichwa. Itasaidia?

Tafadhali usifanye lolote kati ya hayo mawili. Ndani ya tundu hilo mna vali ya silikoni yenye umbo la uyoga, nyembamba kiasi kwamba pumzi hafifu tu huifungua. Kiwango cha Ulaya cha EN 250 kinataka nguvu ya kuvuta au kutoa pumzi isizidi milibari 25 (milibari ni kipimo cha shinikizo), regulata ikipimwa kwenye shinikizo la kina cha mita 50 huku ikipitisha lita 62.5 kwa dakika. Sponji hula sehemu ya nafasi hiyo ndogo, na ikishashika mchanga hali huwa mbaya zaidi. Ukilazimika kusukuma pumzi, hewa ukaa hujikusanya mwilini, unaanza kuhema, na viputo ulivyotaka kuvipunguza vinaongezeka.

Mpira una kasoro nyingine. Kila sentimita 1 ya maji ni takriban milibari 1 ya shinikizo. Ukielea kifudifudi, kisogo kiko juu ya kiwambo cha regulata, yaani ngozi laini inayobonyea na kufungulia hewa, kwa sentimita nyingi. Mpira ukijaa hewa na ncha yake ikawa huko juu, shinikizo ndani ya regulata hushuka chini ya lile la maji ya nje. Maji yanabonyeza kiwambo na hewa inamwagika bila kukoma. Ukigeuka chali ncha inakuwa chini, na hapo ni kazi kutoa pumzi.

Mzamiaji Mfaransa Jacques-Yves Cousteau alikumbana na jambo hili mwaka 1943 alipojaribu katika mto Marne, Ufaransa, kifaa cha kupumulia majini alichokiunda pamoja na mhandisi Émile Gagnan: akisimama wima, hewa ilibubujika ovyo. Dawa ilikuwa kusogeza tundu la kutolea hewa hadi jirani na kiwambo. Ndiyo maana regulata za mipira miwili hubeba vyote viwili mgongoni, na viputo hutokea nyuma ya kichwa, mbali na masikio na kamera. Kama unataka viputo vya nyuma, tafuta regulata iliyoundwa hivyo tangu mwanzo. Jua tu kwamba ukilala kifudifudi kiwambo kinakuwa juu ya mapafu, kwa hiyo kuvuta pumzi ni kuzito kidogo.

Basi kwa regulata niliyo nayo, nifanye nini?

Badili namna unavyotoa pumzi. Kiputo kinapokatika kutoka kwenye tundu hutetemeka na kulia, na ukubwa wake ndio unaoamua sauti. Kwa hesabu ya mwanasayansi Minnaert ya mwaka 1933, kiputo chenye nusu kipenyo cha sentimita 1 karibu na uso wa maji hulia kwa hezi 330 hivi, yaani mitetemo 330 kwa sekunde. Cha milimita 1 hulia kwa hezi 3,300 hivi. Samaki wengi husikia vizuri zaidi sauti nzito, chini ya hezi 1,000. Pumzi inayotoka kwa kishindo hutengeneza mapande makubwa ya hewa, yaani sauti zilezile wanazozisikia.

Toa pumzi polepole, kwa sekunde 6 hadi 8, kama mkondo mwembamba usiokatika. Tundu lina midomo miwili: ukiinamisha kichwa kidogo kuelekea bega la kushoto, hewa itapitia kulia, upande ulio juu. Samaki awe kushoto. Maliza kutoa pumzi ukiwa bado mbali, kisha msogelee huku ukivuta hewa taratibu. Usibane pumzi hata kidogo. Koo libaki wazi wakati wote, kwa sababu kupanda mita moja au mbili mapafu yakiwa yamejaa na koo likiwa limefungwa kunatosha kuyajeruhi. Na usipite chini ya samaki aina ya taa, maana viputo vitampiga tumboni.

Lakini ushindi mkubwa uko kwenye risasi, yaani vizito vya kukusaidia kuzama, na miguu. Mzamiaji aliyetulia hutumia kama lita 15 hadi 20 za hewa kwa dakika. Akipiga mapezi kwa nguvu, kiasi hicho hupanda zaidi ya maradufu. Wengi hubeba risasi kupita kiasi, wakapiga miguu safari nzima ili wasizame. Pima hivi: mtungi ukiwa na shinikizo la baa 50, jaketi la kuelea likiwa halina hewa, wima majini, pumzi ya kawaida, maji yafike usawa wa macho, na ukitoa pumzi uanze kuzama. Ukipimia mtungi wa lita 12 uliojaa baa 200, ongeza kilo 2 hivi, uzito wa hewa utakayoitumia.

Je, nizibe masikio kelele zisinisumbue?

Plagi za kawaida, hapana. Hufungia hewa kwenye njia ya sikio, na hewa hiyo huwezi kuisawazisha ukishuka. Kofia ya neoprini ya milimita 3 hadi 5 hupunguza kelele. Ivute kidogo kabla ya kushuka ili maji yaingie masikioni.

Na ribritha, kifaa kinachosafisha pumzi na kuirudisha ivutwe tena?

Ile ya mzunguko uliofungwa huondoa takriban viputo vyote unapokuwa kwenye kina kimoja; ukipanda hewa hutanuka na nyingine hutoka. Gharama yake ni hatari zisizo na dalili: oksijeni kupungua au kuzidi, na chokaa ya soda, inayonasa hewa ukaa, kuchoka hewa hiyo ikapita. Ile ya oksijeni tupu huishia mita 6. Bila mafunzo ya modeli husika, usiiguse.

Regulata yangu inakoroma nikitoa pumzi, na maji huingia kidogo mdomoni.

Mara nyingi ni ile vali ya uyoga: punje ya mchanga, unywele au ukingo uliokunjika. Ukiwa nchi kavu, funga mtungi, toa hewa yote iliyobaki kwenye mipira, kisha vuta pumzi kidogo kupitia regulata. Ikibaki imebana, vali ni nzima. Hewa ikipenya, isuuze kwa maji matamu ya uvuguvugu huku ukiitikisa, ujaribu tena. Bado inapenya? Kagua kipande cha mdomoni kama kina ufa, kisha mpelekee fundi abadilishe vali, kwani ukiivuta kwa koleo utaichana.