Maswali ya Wasomaji: Macheo ya Jambiani na Theluji ya Kibo

SWALI: Ndugu Mhariri, asalaam aleikum. Mimi ni mkazi wa Jambiani, Unguja, na nina kamera ya kubadilisha lenzi niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Karibu kila wiki huenda pwani alfajiri kupiga picha za ngalawa jua linapochomoza. Kwa macho naona mbingu nyekundu na ngalawa yenye rangi zake, lakini kwenye picha ama mbingu hutoka nyeupe, ama ngalawa huwa nyeusi tii. Nikijaribu kurekebisha kwa programu ya simu, rangi huwa kali kama za pipi, na mlingoti huzungukwa na utepe mweupe. Nakosea wapi?
Msomaji, Jambiani

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu msomaji. Tatizo lako linawasumbua wengi wanaopiga picha wakiwa wamelikabili jua, na chanzo chake ni kwamba jicho na kamera havipokei mwanga kwa namna moja. Jicho linapohama kutoka mbinguni kwenda kwenye ngalawa, mboni hutanuka, na ubongo huziunganisha taswira hizo mbili bila wewe kutambua. Kamera hulazimika kutumia kipimo kimoja cha mwanga kwa picha nzima, na usipoichagulia itajichagulia yenyewe.

Nakushauri uilinde mbingu. Sehemu iliyoungua ikawa nyeupe haina tena kitu ndani ya faili, na hakuna programu itakayoirudisha, ilhali sehemu yenye giza huwa imehifadhi mengi yanayoweza kuinuliwa baadaye. Ili giza hilo liinuke bila kuchafuka, rekodi faili ghafi, ile inayoandikwa RAW kwenye menyu ya kamera. Picha ya kawaida ya JPEG hugawa kila rangi ya msingi katika ngazi 256 tu, wakati faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384, na tofauti hiyo ndiyo inayoonekana unapoufungua weusi wa ngalawa.

Kila baada ya picha chache, angalia ule mchoro wa mgawanyo wa mwanga, yaani histogramu, na kama kamera yako inaruhusu, itazame rangi moja moja. Wakati wa macheo nyekundu hujaa kabla ya kijani na buluu. Mchoro wa jumla unaweza kuonekana salama huku nyekundu imekwisha kugonga ukuta wa kulia wa mchoro, yaani imeungua, na matokeo yake ni lile doa bapa la njano linalolizunguka jua katika picha nyingi. Punguza mwanga mpaka nyekundu iachane na ukuta huo. Vilevile usiiache kamera ijipangie yenyewe mizani ya rangi, kwa kuwa itadhani wekundu wa alfajiri ni dosari na kujaribu kuufuta. Iweke kwenye alama ya jua la mchana, nao wekundu utabaki kama ulivyouona.

Kuhusu saa ya kufika, sisi wa karibu na ikweta tuna haraka kuliko wenzetu wa mbali. Jua letu huchomoza karibu wima, hivyo utusitusi unaotosha kuona vitu vizuri hudumu takriban dakika 22 tu kabla ya macheo, ambapo London mwezi Juni hupita dakika 40. Huko kwenu jua hutoka kabla kidogo ya saa 12:00 asubuhi mwezi Novemba, na husogea hadi karibu saa 12:35 mwezi Julai. Uwe umesimamisha stendi yako ya miguu mitatu nusu saa kabla ya hapo, gizani, ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ikiwa 100 na upenyo wa lenzi ukiwa kati ya f/8 na f/11. Mara nyingi rangi nzuri zaidi huja jua likiwa bado chini ya upeo, linapoyamulika mawingu ya juu kutoka chini yake. Wengi hufika wakati huo umepita, na nasikitika kila ninapowaona wakikimbia mchangani na mikoba yao.

Jambo jingine, nalo kwa Jambiani ni kubwa kuliko lenzi, ni maji. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4, na ngalawa iliyoelea jana inaweza kuwa imelala kwenye tope leo. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10:00 alfajiri, na kila siku inayofuata huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo siku mbili au tatu baada ya mwezi mpevu au mwezi kuandama, kujaa hukutana na macheo, nawe utapata ngalawa ikielea juu ya kivuli chake. Siku chache kabla ya bamvua mambo hugeuka: maji huwa yamekupwa wakati jua linatoka, na madimbwi yaliyobaki baina ya vigingi vya mwani hushika rangi za mbingu kama vioo. Ukiwakuta kinamama wakielekea kwenye mashamba yao ya mwani, waamkie na uwaombe ruhusa kwanza kabla ya kuwapiga picha.

Sasa turudi kwenye uhariri. Utepe ule mweupe kwenye mlingoti huletwa na kuinua vivuli na kukaza ukali wa picha kupita kiasi kwa mara moja. Tumia darktable, programu ya bure ya kompyuta: kwanza shusha mwanga wa mbingu, kisha inua ngalawa peke yake kwa kuizungushia kinyago (alama inayoiambia programu ibadilishe sehemu hiyo tu) chenye kingo laini, na usiinue mpaka ionekane kama ya saa sita mchana. Kitu kilicho mbele ya jua kina haki ya kuwa na giza kidogo. Mwisho kabisa gusa ukolezo wa rangi, uongeze kidogo, ufunge faili, uirudie kesho. Macho yaliyokaa saa nzima mbele ya kioo huzoea rangi kali na kuziona za kawaida.

SWALI: Naishi Moshi. Napenda kupiga picha za Kibo, kilele cha Kilimanjaro, jua linapochomoza, lakini mwezi Juni mlima hutoka kijivu hata anga ikiwa safi. Je, nibadilishe kichujio cha lenzi?
Msomaji, Moshi

JIBU: Kichujio hakitakusaidia, ndugu yangu, badilisha mwezi. Ukiwa Moshi, Kibo kiko kaskazini yako, na wewe unatazama uso wake wa kusini. Mwezi Juni jua huchomoza zaidi ya nyuzi 23 kaskazini mwa mashariki, kwa hiyo uso huo hukaa kivulini. Mwezi Desemba na Januari huchomoza kusini mwa mashariki kwa kiasi kama hicho, na mwanga huufikia uso unaouona. Wahi mapema, kwa sababu kilele chenye mita 5,895 hupata jua dakika kadhaa kabla ya mji, na mawingu yakianza kupanda hayasubiri mtu. Ukitaka mlima huohuo mwezi Juni, inakubidi uuzunguke hadi upande wa Amboseli, Kenya, ambako uso wa kaskazini ndio unaomulikwa.