Kwa mnaohamia lami kutoka vumbini

Wadogo zangu wa Mwanza na Kanda ya Ziwa yote, nimeshindwa kunyamaza. Nikipita gereji za Nyakato nakuta gari lile lile: limenyanyuliwa juu, springi laini, matairi ya changarawe, na mwenyewe ananiambia wikiendi ijayo anaingia steji ya lami, yaani kipande cha rali kinachokimbiwa kwa kupimwa muda. Halafu ananiuliza hendibreki aivute wakati gani. Nawapenda, lakini mnanichosha. Makosa haya haya kaka zenu waliyafanya wakavunja magari, na hakuna aliyekaa chini akawaandikia.

Tumelelewa vumbini na si aibu. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na hadi leo ukimtajia mtu wa huku rali anaona wingu la vumbi. Lami tunaipita kila siku na daladala, ndiyo maana tunadhani tunaijua.

1. Acha kulitupa gari ubavu. Vumbini unalirusha kabla ya kona, tairi linachimba, na unapata nafasi ya kusahihisha usukani. Kwenye lami mshiko ni mkubwa, lakini ukiisha unaisha mara moja, na gari lililokaa ubavu linapoteza kasi na kumaliza matairi. Funga breki gari likiwa limenyooka, tumia upana wote wa barabara, kanyaga mafuta usukani unapoanza kurudi. Ukipatia kona nne mfululizo, bega limebanwa kwenye siti na gari linakwenda pale pale ulipotazama, hutataka kurudi vumbini. Na wewe mwenye kigari cha kuvuta mbele usijidharau. Mwaka 1999 Mfaransa Philippe Bugalski alishinda rali ya Catalunya kule Hispania, kisha ya Corsica kule Ufaransa, kwa Citroën Xsara iliyovuta magurudumu ya mbele tu na isiyo na turbo, akiwaacha wenye magari ya turbo yanayovuta magurudumu yote manne. Gari lake lilikuwa jepesi, na barabara ilikuwa lami. Kwenye matope asingewaona hata kwa mbali.

2. Breki. Hapa nitakaa, mnisamehe.

Magari ya ubingwa wa dunia yanavaa rimu za inchi 15 kwenye changarawe na inchi 18 kwenye lami, na ndani ya hizo kubwa inaingia diski ya mbele ya milimita 370 badala ya 300. Waliozitengeneza wanajua lami inavyokula breki. Sisi tunashuka milima na diski lilizotoka nazo gari kiwandani.

Kuna timu ya vijana niliyokuwa naisaidia kwenye kambi ya mafundi. Dereva ana mikono mizuri, msoma ramani wake binti makini kuliko wengi. Usiku wa kuamkia mashindano fundi wao akaona mafuta ya breki yamepungua kwenye kikopo. Akachukua chupa ya rafuni, imetumika nusu, kifuniko kimekaa juu tu bila kukazwa, iko pale tangu masika. Mafuta yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Akajazia, akafunga boneti, wakaenda kulala.

Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani, na sisi tunaishi kando ya ziwa. Mafuta ya daraja la DOT 4, yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanywa maji asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 155 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na mguu wako unaubonyeza huo badala ya kubonyeza pedi.

Steji ya kwanza walimaliza vizuri, tukashangilia. Lakini pale kwenye kusubiri kadi ya muda, dereva alisimama mguu ukiwa umeganda kwenye breki, diski zimepata moto kwelikweli, pedi zimezibana. Joto lote likahamia kwenye kalipa, kile kifaa kinachozisukuma pedi. Steji ya pili ilianzia kwenye mteremko. Kona ya kwanza akasema kwenye intakomu, "Pedali laini." Kona ya pili ikashuka zaidi. Akaipampu, ikarudi kidogo, akaiamini. Hapo ndipo alipotakiwa kukaa pembeni na kupoteza dakika zake. Ikaja "kulia tatu", yaani kona kali ya kulia, nayo inazidi kujikunja, pedali ikagonga sakafu. Waliruka mtaro wakaenda kwenye jabali, na majabali yetu mnayajua.

Keji, ile fremu ya vyuma ndani ya gari, ilifanya kazi yake. Dereva alitoka na michubuko. Binti alivunjika mfupa wa bega, na alichoniuliza kwanza ni kama daftari lake la noti, maelezo ya kila kona anayomsomea dereva, limeokotwa. Gari lilipopoa niliingiza mkono nikabonyeza pedali. Ilikuwa ngumu, nzima kabisa. Mvuke ukipoa unarudi kuwa maji na mafuta, kwa hiyo fundi akaapa mbele yetu sote kwamba breki zake zilikuwa sawa, dereva ndiye mzembe. Wale wawili hawajawahi kufanya kazi pamoja tena.

Kwa hiyo: kila mashindano chupa mpya, ifunguliwe siku hiyo hiyo. Kumwagia juu ya yale ya zamani hakusaidii. Toa yote, na utoe upepo kwenye kalipa zote. Ukivuka mstari wa kumalizia, acha gari litembee taratibu lipate hewa. Ukisimama, ondoa mguu, usivute hendibreki, mtu aweke jiwe nyuma ya tairi. Pedali ikilainika mara moja, hiyo inatosha, punguza.

3. Noti za lami si za vumbini. Kule wa kwanza anafagia changarawe na wa nyuma wananufaika. Huku wa kwanza ndiye anayepata barabara safi, kisha kila anayekata kona anaburuta udongo na kokoto kuziweka juu ya lami. Timu kubwa pale Monte Carlo zinatuma watangulizi kupita steji kabla, wasahihishe noti palipo na barafu au tope. Wewe huna, basi siku ya reki, mnapopita njia taratibu kuandika noti kabla ya mashindano, angalia bega la ndani la kila kona. Likiwa udongo laini, andika "chafu" hata kama lami inang'aa, maana wewe unaanza namba ya kumi na kitu. Palipo na jiwe au kalavati andika "usikate" kwa herufi kubwa.

4. Upepo wa matairi pima yakiwa baridi, pima tena yakiwa moto, andika zote mbili.

5. Wingu likitoka ziwani, ogopa dakika za mwanzo za mvua. Vumbi na dizeli iliyomwagwa na malori vinapanda juu ya maji, na lami inateleza kuliko itakavyoteleza ikishaoshwa.

6. Barabara ya Usagara usiku si uwanja wa mazoezi. Nimesikia mnavyojisifia muda wa kutoka Buhongwa. Kuna bodaboda zisizo na taa pale, kuna mama anayevuka na ndoo, na hakuna aliyewaambia kwamba mnakuja. Ukitaka kasi, subiri barabara ifungwe. Nikimkuta mtu huko simpi spana wala ushauri, na nitamwambia baba yake.

Msoma ramani mazoezi yako hayahitaji hata gari. Panda basi dogo la Magu, omba siti ya mbele, daftari mapajani, andika kila kona hadi mwisho wa safari. Ukirudi, geuza ukurasa uandike upya, maana kulia imekuwa kushoto na mpando umekuwa mteremko. Wiki inayofuata panda tena, usome noti zako kimoyomoyo uone ni wapi basi linakutangulia. Konda atakuuliza unaandika nini. Mweleze, huenda dereva akapunguza kidogo kwenye kona ili umalize kuandika.