Miungu ya zamani bado imo kwenye Kirusi?

SWALI: Dada mhariri shkamoo, najifunza Kirusi na nimesikia kuna miungu ya kale ya Waslavi (mababu wa Warusi) bado imo kwenye maneno yao ya kila siku, ni kweli au stori tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, ni kweli kabisa na mimi hii mada naipenda mno. Anza na Perun, mungu wa radi. Mwaka 980 mtawala Vladimir alimsimamishia sanamu ya mti pale Kiev, kichwa cha fedha na masharubu ya dhahabu, halafu 988 huyohuyo Vladimir akabatizwa, akaamuru sanamu ifungwe kwenye mkia wa farasi, iburutwe huku watu 12 wakiichapa fimbo, ikatupwa mto Dnieper. Lakini jina lilibaki! Washairi wa Kirusi waliandika "peruny" wakimaanisha radi, na mtu akifoka kwa hasira husemwa anarusha peruny. Kazi yake ya ngurumo wanakijiji wakampa nabii Ilya, yaani Eliya wa Biblia, eti radi ni gari lake linapita mbinguni. Veles naye, mlinzi wa mifugo, nafasi yake ikachukuliwa na mtakatifu Vlasiy, majina yenyewe yanakaribiana.

Ukisikia Mrusi anamwambia mtu "idi k leshemu" ujue anamfukuza, maana yake nenda kwa leshy, yule pepo wa msituni anayepoteza watu njia. Huyo si mungu mkubwa, ila kwenye midomo ya watu wa leo kamshinda hata Perun.