Somo la Jamii Huanzia Mtungini: Maneno Machache kwa Walimu wa Maandalizi

Wiki iliyopita nililetewa ujumbe na mwalimu mwenzangu, kijana wa Unguja anayesomesha watoto wa maandalizi. Alilalamika kwamba watoto wake wanaitaja mikoa mitano ya Zanzibar kwa wimbo bila ya kukosea, wanajua kuwa Mapinduzi yalikuwa tarehe 12 Januari 1964 na Muungano tarehe 26 Aprili mwaka huo huo, lakini ikifika saa ya kunywa maji wanasukumana mpaka mtungi unataka kupinduka, na wenye nguvu ndio wanaotangulia. Aliniuliza afanye nini. Nilimjibu kwa sentensi mbili tatu kwa kuwa nilikuwa safarini kuelekea Chake Chake, hapa Pemba, lakini swali lake halikunitoka, na kwa kuwa najua hayuko peke yake, nimeona bora niandike kwa urefu.

Nianze na jambo ambalo wenzangu wengi hawapendi kuambiwa. Kuimba mikoa si vibaya, na wangu pia nawaimbisha, kwani mtoto wa Pemba anafaa kujua kwamba kisiwa chake kina mikoa miwili na wilaya nne, Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani. Ila mkoa ni kitu ambacho mtoto wa miaka 4 hawezi kukiona wala kukishika. Anachokiona ni jirani anayeuza muhogo wa kukaanga barazani kwake, imamu anayepita kwenda kuadhini, gari ya ng'ombe iliyobeba matofali, na mwenzake aliyekamata kata ya maji na hataki kuiachia. Mitaala mingi ya masomo ya jamii kwa watoto wadogo, ya hapa na ya ng'ambo, hupanga mambo kwa miduara inayopanuka: nafsi ya mtoto na nyumba yao, kisha skuli, kijiji, wilaya, mkoa na nchi. Sisi walimu huivuka haraka miduara ya ndani kwa sababu haina majibu ya kuandika ubaoni, tukakimbilia ya nje, ambayo mgeni akiuliza, mtoto anajibu na mwalimu anasifiwa.

Halafu liko suala la umri. Watoto wengi wa miaka 3 bado hawajaweza kuelewa kwamba mwenzao anaweza kufikiri au kuamini jambo lililo tofauti na wanaloliamini wao, na uwezo huo huchipua kwa wengi baina ya miaka 4 na 5, yaani umri hasa wa hawa tunaowapokea asubuhi mlangoni. Kwa hiyo mtoto anayenyang'anya mara nyingi si mkorofi, bali kiu ya mwenzake haijamwingia akilini kama inavyomwingia yake. Ukimchapa au kumfokea, atajifunza kuangalia mwalimu amesimama wapi kabla hajanyang'anya tena, na kumwangalia mwenzake hatajifunza.

Darasani kwangu kila mtoto huja na kikombe chake, kwa ajili ya usafi, lakini kata ya kuchotea ni moja, na hata nikipewa nyengine kumi sitaziweka mtungini. Kila siku mtoto mmoja huwa mgawaji: yeye ndiye anayechota, anawatilia wenzake mmoja mmoja, na yeye mwenyewe anakunywa mwisho. Mwanzo wa mwaka kazi hiyo huchukua muda mrefu kiasi cha kumchosha mwalimu asiye na subira, maji yanamwagika, na wako wanaolia. Nawafundisha maneno ya kutumia, kwa sababu mtoto asiye na maneno hutumia mkono: "Naomba ukimaliza," "Bado, nitakupa," na "Nimengoja, sasa zamu yangu." Tunayasema kwa kuigiza mara nyingi mpaka yanazoeleka ulimini. Kuna kijana mmoja mdogo, siku yake ya ugawaji, aliwatilia rafiki zake vikombe pomoni na wengine nusu, huku amekaza macho kwenye kata kama kwamba hajui anachokifanya. Msichana aliyepata nusu alinijia na kikombe chake akaninyooshea. Nilimwambia, "Nenda kamwambie mwenyewe." Alikwenda, akasimama mbele yake, akamwambia, "Mimi na yeye kiu yetu sawa." Sikuongeza neno, kwani somo langu la siku ile lilikuwa limeshasomeshwa, na kwa lugha bora kuliko yangu.

Naomba nisimulie kwa urefu mchezo wa karafuu, kwa sababu ndio ninaojivunia kuliko yote. Msimu ukifika, mtoto wa kwetu hahitaji kitabu cha kumweleza uchumi wa Pemba: majamvi yameanikwa mpaka pembezoni mwa barabara, jioni nyumba nzima inakaa kuchambua karafuu na makonyo yake, na yeye amekaa katikati ya bibi na shangazi vidole vikinuka karafuu. Anajua kuwa mchumaji hulipwa kwa pishi, yaani kwa kipimo cha kujaza, anamjua tajiri wa shamba, na amesikia kwamba karafuu kavu hupelekwa kuuzwa kwenye Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Haya yote yamo kichwani mwake, isipokuwa hajaulizwa. Basi nilikusanya changarawe zikawa karafuu, kopo tupu la maziwa likawa pishi, nikawaachia wenyewe wagawane kazi: wachumaji, wachambuaji, mpimaji na tajiri. Kazi yangu ilikuwa kukaa chini na kusikiliza.

Mtoto aliyekuwa tajiri aliamrisha kopo lijazwe mpaka changarawe zifanye kichuguu juu, kisha akahesabu kuwa ni pishi moja. Mchumaji wake, msichana mwembamba asiyesema sana, akamwambia, "Hiyo si pishi, hiyo ni pishi na kichuguu chake." Tajiri akajibu, "Baba hupimiwa hivi hivi." Darasa zima likaingia. Wako waliosema tajiri ndiye mwenye mikarafuu, basi apime anavyotaka. Wako waliosema aliyepanda juu ya mti ndiye aliyejitia hatarini, kwa hiyo asidhulumiwe. Na mmoja akauliza kwa nini wachumaji wasigome. Mwisho mpimaji, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote, aliokota kijiti akakipitisha juu ya kopo, changarawe zilizozidi zikaanguka, akasema sasa ni sawa. Watu wazima huiita pishi ya mfuto, na yeye huenda ameiona kwao dukani kwenye kupima mchele. Hebu niambieni, ni ukurasa gani wa kitabu cha maandalizi unaoweza kumfikisha mtoto wa miaka 5 kwenye haki, kazi, malipo na usuluhishi kwa nusu saa?

Katika mchezo kama huo ndipo aliponikuta ofisa mmoja aliyekuja kutukagua. Alisimama mlangoni, akatazama zogo, akamwita mtoto aliyekuwa karibu na kumuuliza rais wa kwanza wa Zanzibar ni nani. Mtoto, mkono mmoja umeshika kopo na mwengine kijiti, akamjibu kwa heshima kabisa, "Mimi ni mpimaji." Mtoto yule alikuwa akilijua jina la Mzee Abeid Amani Karume kama anavyolijua jina la babu yake, lakini kwa wakati ule hakuwa mwanafunzi, alikuwa kazini. Ofisa aliandika kwamba darasa halina nidhamu na kwamba muda wa masomo unapotezwa kwa michezo. Aliyaandika maneno hayo mbele yangu, akanipa kalamu nitie saini, wala hakuniuliza hata swali moja. Nakiri kwamba yananiuma mpaka leo, na siku nikikaribishwa kwenye semina akawamo ukumbini, mimi huchagua kiti cha upande wa pili. Wakati huo sisi tuliopita kwenye vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze tulikuwa tumeshazoea kwamba nyimbo, hadithi na michezo ndiyo njia yenyewe ya kusomeshea watoto wadogo, na jina la vipindi lilikuwa linasema hivyo waziwazi.

Baada ya hapo niliendelea vile vile. Mwalimu wa darasa la kwanza aliyewapokea watoto wangu alinijia mwenyewe, bila ya kuitwa, akaniambia kwamba waliotoka kwangu huwajua kwa kuwa wanangoja mwenzao amalize kusema. Sina shahada ukutani inayonifurahisha zaidi ya neno hilo, na nalisema bila ya kuona haya.

Jambo jengine ninalolipendekeza ni kumwalika sheha, yaani kiongozi wa serikali katika shehia, eneo letu dogo la utawala. Wengi humwogopa mgeni wa aina hii kwa kudhani kuwa atataka taarifa, ilhali masheha wengi hufurahi kuitwa kwa jambo lisilo ugomvi wa mipaka. Wetu alikuja na muhuri wake mfukoni. Watoto hawakumuuliza majukumu ya shehia. Walimuuliza analala saa ngapi, nani anampikia, na kwa nini watu wanakwenda kwake wakiwa na karatasi. Akawaeleza kwamba mtu akitaka kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi lazima sheha athibitishe kuwa anamjua na kuwa ni mkaazi wa hapo. Kesho yake walichonga muhuri wa kiazi kitamu, wakauchovya kwenye rangi, na kwa siku kadhaa hakuna aliyeingia darasani bila ya barua ya sheha. Mmoja alinyimwa barua kwa sababu, kwa maneno ya sheha mdogo, "hatumjui."

Aliyenyimwa alikuwa mtoto wa dago, yaani kambi ya wageni wa msimu. Wavuvi na wachumaji wanaokuja msimu huleta watoto wao, tunawapokea, na wenyeji wadogo huwatenga kwa urahisi wa ajabu, kwani wamewasikia wakubwa. Hapa sikukaa chini kusikiliza. Mwalimu Vivian Paley, aliyesomesha watoto wadogo Chicago, aliweka kanuni darasani mwake kwamba hapana mtoto anayeruhusiwa kumkatalia mwenzake kuingia mchezoni, na nimeichukua kama ilivyo, ingawa naijua kasoro yake: mtoto huingizwa mchezoni kwa kanuni akapewa kazi ya kuwa mbwa au mti. Kwa hiyo nimeongeza kwamba anayeingia mwisho huchagua kazi yake mwenyewe. Yule wa dago alichagua kuwa nahodha, na mchezo wa shehia ukapata bandari ambayo mwanzo haikuwemo, pamoja na masharti ya upepo na maji kujaa ambayo wenzake hawakuwahi kuyafikiri.

Ramani nazo zianze chini, mchangani. Vifuu viwe nyumba, kamba ya nazi iwe njia, na mtoto aoneshe anavyotoka kwao mpaka skuli. Usisahihishe ukubwa wala umbali mapema. Mtoto akiweka nyumba ya bibi yake katikati na msikiti pembeni, amekuonesha kijiji chake kilivyo. Nyumba, njia, skuli. Nimeshasema na narudia, ya ndani kwanza.

Salamu zifundishwe kwa watu wa kuwasalimia. "Shikamoo" ya darasa zima kwa sauti moja, huku macho yako dirishani, haina faida. Mpeleke mtoto kwa mpishi wa uji ampe mkono, amwambie sabalkheri, angoje jawabu, amuulize jambo moja. Kungoja jawabu ndiko kugumu, na watu wazima pia kumewashinda, maana siku hizi mtu anakusalimia huku amekwishakupita.

Nanyi wazazi, msituachie peke yetu. Mtoto mnayemvalisha sare ya kupigwa pasi, mkamleta kwa bodaboda na kumrejesha kwa bodaboda, akifika anapewa simu ili anyamaze, atajuaje kijiji? Chuoni, kwenye Kurani, anafundishwa adabu, skuli tunamfundisha zamu, nyumbani hapewi hata kikombe amtilie mgeni. Mnamtakia udaktari na uhandisi, nami namtakia pia, lakini daktari asiyejua kumngoja mtu amalize kueleza maumivu yake atatibu nini? Mchukueni mazikoni kwa kiasi kinachofaa umri wake, mchukueni kwenye harusi, akae barazani asikie watu wazima wanavyokhitalifiana bila ya kutukanana, kama kwenu bado wanajua.

Mtumeni dukani. Kama duka liko ng'ambo ya barabara, msindikizeni mpaka karibu, msimame mbali, aagize mwenyewe sukari robo, atoe pesa, angoje zamu yake baina ya watu wakubwa wanaompita kichwani. Akipitwa, msiingilie haraka, mwacheni aseme. Akirudi na chenji pungufu, rudini naye mkamuulize muuza duka mbele yake, kabla ya kumshika sikio.