Farasi wa mbio akistaafu, usikimbilie kumnunua

Karibu kila msimu wa mavuno kuna mtu wa Iringa, Mafinga au Mbeya ananitumia picha kwenye WhatsApp. Farasi wa kahawia, miguu mirefu, shingo imesimama, manyoya yanang'aa. Chini yake swali ni lile lile: "Kaka, huyu anauzwa Nairobi, bei yake haizidi ya mtamba wa maziwa. Nichukue?"

Nilifanya kazi ya usaisi kwenye mazizi ya farasi wa mbio Nairobi kabla ya kurudi nyumbani Mufindi, na mpaka leo kazi yangu ni kutunza farasi wa watu. Kwa hiyo simjibu mtu ndiyo wala hapana. Namuuliza: nyasi zako za mwaka mzima ziko wapi? Wengi hapo ndipo mazungumzo yanapoishia, na bora yaishie hapo kuliko kwenye shimo nyuma ya banda. Kwa mnyama huyu bei ya kununua ni cha mtoto.

Uelewe kwanza kwa nini anauzwa rahisi. Nairobi mbio zilianza mwaka 1904, na uwanja wa Ngong Road umekuwa ukitumika tangu 1954. Zamani Nakuru, Eldoret na Limuru nako kulikuwa na viwanja, ila sasa umebaki Ngong. Farasi anaanza mazoezi kabla hajatimiza miaka miwili. Kenya Derby yenyewe, mbio ambayo kila mwenye zizi anaiota, ni ya farasi wa miaka mitatu; akifika minne, nafasi hiyo imempita maisha yake yote. Wengi wanapofika miaka sita au saba wameshachoka miguu au wamepungua kasi, na mwenye farasi hataki tena kulipa mkufunzi, saisi na chakula kwa mnyama asiyerudisha kitu. Lakini farasi anaweza kuishi miaka 25 na zaidi. Hesabu mwenyewe. Unauziwa mnyama ambaye kazi yake imekwisha na maisha yake bado, na hayo yaliyobaki ndiyo utakayoyalipia wewe.

Kuna wanaoniambia wao hawataki wa kupanda, wanataka kuzalisha. Wameona kwenye simu mamilioni ya dola yanayozunguka Kentucky au Ireland wakajisemea Mufindi kuna baridi na nyasi, kwa nini tusianze? Nawaomba wakae chini kidogo. Farasi hawa, Thoroughbred, ukiwafuatilia ukoo upande wa baba unaishia kwa mmoja wa madume watatu walioingizwa Uingereza kati ya mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Daftari la ukoo lilianza kuchapishwa Uingereza mwaka 1791, na mpaka leo mtoto ambaye mzazi wake hata mmoja hayumo kwenye daftari linalotambuliwa hahesabiwi. Halafu kuna sharti linalowashangaza wafugaji wetu wa ng'ombe. Sisi tumezoea uhamilishaji, yaani jike kuwekewa mbegu bila kukutana na dume: mtaalamu anafika na pikipiki, mtungi wa naitrojeni umefungwa nyuma, dakika chache kazi imekwisha. Kwa farasi wa mbio uhamilishaji umekatazwa kabisa duniani kote. Dume na jike lazima wakutane ana kwa ana. Jike wako akiwa Mafinga na dume aliyeandikishwa yuko Kenya, maana yake ni lori, mpaka wa Namanga na vibali, kwenda na kurudi, kisha mimba ya miezi kumi na moja. Ukimpandisha kwa dume wa jirani utapata mtoto mzuri wa kupanda, lakini hakuna uwanja wa mbio utakaomruhusu kupanga mstari na wenzake.

Na hata ukoo ukiwa safi, hauna dhamana. Marekani mwaka 2006 farasi wa miaka miwili aitwaye The Green Monkey alinunuliwa mnadani kwa dola milioni 16. Alikimbia mara tatu, hakushinda hata moja. Seattle Slew alinunuliwa kwa dola 17,500 tu, na mwaka 1977 akachukua mataji yote matatu makubwa ya nchi ile, tena bila kuwa amepoteza mbio hata moja kabla ya hapo. Kwa hiyo muuzaji akikusomea majina ya babu na bibi wa farasi aliyehasiwa, msikilize kwa adabu kisha umwombe akuoneshe miguu.

Miguu yenyewe unaiangalia hivi. Chuchumaa pembeni ya mguu wa mbele, usikae mbele yake wala nyuma, kisha pitisha vidole taratibu kwenye ule mshipa mgumu ulio nyuma ya mfupa, chini ya goti kuelekea kwenye kwato. Unatakiwa kuuhisi umenyooka na una baridi. Ukikuta umevimba kama upinde, au una joto kuliko wa mguu mwingine, hapo mbio zilishamuumiza. Hilo si lazima limkatae. Wapo wenye mshipa uliopona wanaobeba watalii kwa miaka. Ila bei ishuke, na ujue milima ya kwetu si ya kumkimbizia. Kisha mwambie saisi amkimbize mdogo mdogo kwenye sakafu ngumu, kamba ikiwa imelegea, nawe tazama kichwa. Mguu wa mbele unaouma ukikanyaga, kichwa kinapanda juu. Muuzaji akisisitiza kamba ishikwe fupi, uliza kwa nini. Mwisho omba pasipoti yake, ulinganishe alama nyeupe zilizochorwa humo na mnyama aliye mbele yako, na usome ukurasa wa chanjo.

Chanjo ninayoitafuta mimi ni ya tauni ya farasi. Ugonjwa huu unaletwa na visubi, wale wadudu wadogo wanaouma jioni mpaka alfajiri, na unapamba moto mvua zinapoelekea mwisho. Pundamilia anao bila kuumwa, punda anaugua kidogo, lakini farasi asiye na kinga akipata ule wa mapafu ni nadra kupona. Asubuhi umemwacha anakula, jioni povu linamtoka puani. Aina nyingine inaanza kwa homa na uvimbe: vile vishimo juu ya macho vinajaa na kutuna. Ukiona hivyo, usingoje kesho kumwita daktari wa mifugo, ingawa tiba ya virusi hivyo hakuna. Kinga ndiyo kila kitu. Chanjo kila mwaka wakati wa kiangazi, na farasi aingie ndani kabla jua halijazama, madirisha yakiwa na wavu wa matundu madogo.

Hapa watu wa Iringa na Njombe wanakosea mahali pa kujenga. Wanajenga banda bondeni, karibu na vinyungu, zile bustani za bondeni, kwa sababu maji yako pale. Visubi wanazaliana kwenye tope hilo hilo. Jenga juu mlimani penye upepo, maji yapandishwe kwa mpira. Kama shamba lako liko Pawaga, Idodi au upande wowote unaopakana na hifadhi ya Ruaha, ushauri wangu ni mfupi: usimlete. Kule kuna ndorobo, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, humuua farasi.

Sasa chakula. Farasi wa kilo 450 anahitaji kama kilo 9 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku. Kwa mwaka hiyo ni kama tani tatu na nusu, sawa na marobota kama 220 hadi 240 ya kilo 15, na hujaongeza yatakayonyeshewa. Maji, kati ya lita 25 na 40 kwa siku, joto likizidi na yeye anazidi. Tumbo lake ni dogo kwa mwili ule, kwa hiyo anakula kidogo kidogo kutwa nzima. Kumpa ndoo kubwa asubuhi na nyingine jioni ni kumtafutia msokoto wa tumbo. Na farasi hawezi kutapika. Kilichoingia kibaya hakirudi.

Ndiyo maana naogopa pumba kuliko kitu kingine. Mikoa yetu ni ya mahindi, pumba ziko kila kona, na mtu wa ng'ombe anaona ni zawadi. Kwa farasi, mahindi yaliyoota ukungu ni hatari ya moja kwa moja: kuna sumukuvu inayoharibu ubongo wake, anaanza kuzunguka, anasukuma ukuta kwa paji la uso, mara anaanguka. Hata pumba safi ukizifanya ndiyo mlo wake mkuu, fosforasi ni nyingi na chokaa ni kidogo, mifupa inalegea na uso unavimba. Chakula cha kuku chenye dawa ya ugonjwa wa koksidia kisimkaribie hata kwa bahati mbaya. Zipo dawa ambazo kuku anazila akanenepa na zinazomuua farasi kwa moyo. Usitumie hata beleshi moja kuchotea vyote viwili.

Jambo jipya la miaka hii ni parachichi. Kila kilima sasa kina miche, na watu wanaona kivuli cha mparachichi ni pazuri pa kumfunga farasi. Majani, magome na tunda lenyewe vina sumu kwake. Weka uzio.

Tukija kwenye kumpanda, hapo ndipo wengi wanavunjika mikono. Farasi wa mbio hajafundishwa kama unavyodhani. Kule zizini mpandaji hapandi kwa kukanyaga kikuku, kile chuma cha kuwekea mguu, huku farasi amesimama. Tunamshika mguu tunamrusha juu, mara nyingi farasi akiwa tayari anatembea. Kwa hiyo ukiweka mguu kwenye kikuku akaanza kuondoka, si mkaidi, anafanya alichozoea. Kubwa zaidi ni hatamu. Uwanjani mpandaji akikaza hatamu, farasi anaegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kuongeza mwendo. Sasa mtu wa kwetu anaona farasi anakwenda kasi, anaogopa, anavuta kwa nguvu zote. Farasi anasikia: twende! Nimeona mgeni mmoja akipelekwa hivyo kutoka kwenye mashamba ya chai mpaka barabara ya lami. Dawa yake ni kulegeza, kuvuta na kuachia, na kumgeuza kwenye duara linalozidi kuwa dogo. Lakini hiyo ifundishwe uani kwanza, kwa wiki nyingi, na mtu anayejua.

Kabla ya hapo mwache apumzike. Akifika toa vile viatu vyepesi vya alumini vya mbio, fundi wa kwato amsawazishe, kisha arudi kila wiki sita hadi nane. Nafaka alizokuwa anapewa kwa wingi zipunguzwe taratibu, nyasi ziongezwe. Miezi kadhaa ya kula na kutembea tu inamsahaulisha mambo mengi. Usimchanganye siku ya kwanza na farasi wengine. Huenda tangu utoto ameishi kwenye chumba chake na hajui kugombania majani. Mweke jirani nao, kuwe na uzio katikati, wanusane.

Safari nayo isimamiwe. Kutoka Nairobi kupitia Namanga, Arusha na Dodoma mpaka Iringa si mwendo wa siku moja kwa mnyama aliyesimama. Dereva asimame mara kwa mara, farasi apewe maji, na kamba isifungwe juu kiasi kwamba hawezi kuinamisha kichwa: asipoinama, vumbi na makohozi vinabaki kifuani na mapafu yanaoza. Akishushwa mpime joto asubuhi na jioni kwa wiki ya kwanza. Kawaida ni 37.5 hadi 38.5. Likizidi hapo, au akikohoa, au akigoma kula, mwite daktari. Vibali vya kuingiza mnyama na cheti cha afya vishughulikiwe kabla ya lori kukodiwa. Kuna watu wamekwama mpakani farasi akiwa juani, kwa kuamini dalali aliyesema "karatasi zitanifuata."

Kama baada ya yote haya bado unamtaka, basi panga mwaka wako. Nyasi zikatwe mwezi wa tano mvua zikikatika, zikaushwe, zipandishwe ghalani. Farasi aje mwezi wa saba, visubi wakiwa wachache kwa baridi, umtafutie blanketi kwa usiku wa Mufindi maana ngozi yake ni nyembamba. Chanjo ikamilike kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja. Na saisi umtafute kabla ya farasi, umlipe mshahara wa mwezi, si posho ya siku za kupanda.